Aliye mbele asikae kimya

Swali lenu la wiki hii ni hili: kwa anayeendesha baiskeli barabara kuu, ni salama zaidi kwenda peke yako au na kundi? Naandika kutoka Arusha. Kila Jumapili tunatoka watu nane hadi kumi na wawili, tunashika barabara ya Namanga hadi Longido, karibu kilomita 80. Siku ambazo miguu imegoma tunageuzia Oldonyo Sambu. Jibu langu ni kundi, ila nina sharti moja, na sharti hilo nimelilipia kwa mfupa wa mtulinga.

Anayeijua njia ile mwezi wa Julai au Agosti anaujua upepo wake. Ukishauacha Mlima Meru nyuma, nchi inafunguka, hakuna cha kukukinga isipokuwa migunga mifupi, na upepo unakuja kutoka mashariki, mkono wa kulia, ukikusukuma kuelekea ukingo wa lami. Peke yako utapigana nao saa nzima na zaidi. Ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa unapanda mara nne, na nguvu ya kuushinda inatakiwa mara nane. Ukikaa karibu na mgongo wa mwenzako, yeye ndiye anayeupasua upepo, na wewe unaokoa karibu theluthi ya nguvu zako. Kwa hiyo tunapanga mstari mmoja, wenyewe tunauita treni: wa kwanza anavuta dakika moja au mbili, anajitoa, anarudi mkiani kupumzika, na wa pili anapokea zamu. Mzee wa miaka 60 na kijana wa miaka 20 wanafika Longido pamoja. Na dereva wa lori linalokwenda Nairobi anawaona watu kumi mapema kuliko anavyomwona mmoja.

Sasa niwaeleze Jumapili ile ya Agosti 2022. Nilikuwa wa tatu katika treni ya watu sita. Kwa kuwa upepo ulikuwa wa kulia, nilikuwa nimejisogeza kushoto kidogo, kwa sababu kivuli cha upepo hakikai nyuma kabisa ya mtu, kinaangukia upande ule upepo unakokwenda. Niliposogea hivyo, gurudumu langu la mbele lilipita ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzangu, labda kwa shibri moja. Pale ndipo mahali patamu. Miguu inakuwa myepesi mpaka unajiona hodari.

Mbele, njiani, kulikuwa na kipande cha tairi la lori, yale magamba meusi yanayochanika na kuachwa barabarani. Kiongozi alikiona mapema, akakipita kwa ustadi, wala hakusema neno. Wa pili alikiona kikiwa chini ya pua yake, akakata kushoto. Gurudumu lake la nyuma likaligusa langu la mbele. Sauti yake bado naikumbuka: zzzip, fupi, kama zipu ya begi. Mimi nikafanya kile ambacho mwili wowote usiofundishwa hufanya, nikageuza usukani kulikimbia lile gurudumu. Baiskeli ikaenda kushoto, mwili ukabaki kulia, nikaanguka kwa bega la kulia upande wa katikati ya barabara. Aliyenifuata akanipanda. Wawili wa mwisho walikimbilia vumbini kwenye miiba, wakatoka na pancha lakini wazima. Nyuma yetu kulikuwa na lori. Dereva alipiga honi ndefu na kusimama. Sikuwahi kumshukuru, kwa hiyo namshukuru hapa.

Mzee wetu, fundi baiskeli ambaye kundi zima linamwita Babu, ndiye aliyenikalisha kando ya barabara na kunifunga mkono kwa shuka ya mchungaji mmoja aliyekuja kutazama. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulisikia nini kabla ya kuanguka?" Nikamwambia sikusikia kitu. Akasema, "Basi hapo ndipo mlipoangukia."

Katika wiki za kukaa nyumbani na mkono kifuani niliyarudia maneno yale mara nyingi. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa unakwenda mita 10 kila sekunde. Ukiacha nafasi ya mita moja kati yako na mwenzako, umejiachia sehemu ya kumi ya sekunde, na mpaka jicho lione na mkono uvute breki, inapita robo ya sekunde au zaidi. Maana yake, ndani ya treni macho yako hayakuokoi. Unaendesha kwa macho ya aliye mbele yako, naye kwa macho ya aliye mbele yake, mpaka kwa yule wa kwanza. Huyo ameshika macho ya watu wote. Akikaa kimya, amewafumba wote.

Baadhi ya wenzangu wanasema tatizo ni mwendo kasi. Siafiki. Tazameni mbio za timu za wanne kwenye uwanja wa baiskeli wa ndani. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, timu ya Australia ilikamilisha kilomita 4 kwa dakika 3 na sekunde 40.73, rekodi ya dunia wakati ule, kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa, gurudumu karibu kabisa na gurudumu. Na baiskeli zile hazina breki kabisa! Wanaweza kukaribiana vile kwa sababu hakuna anayeweza kufunga breki ghafla, na kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini kabla hajafanya. Kwenye Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, za mwaka 2021, siku ya kwanza kabisa, tarehe 26 Juni, mtazamaji alitoa bango lake barabarani huku ameigeukia kamera, Mjerumani Tony Martin akaligonga, na nyuma yake mabingwa wakaanguka kwa makumi. Wengi wao bango hawakuliona kabisa. Walichokiona ni mgongo wa mtu, kisha lami.

Kundi letu tulikaa chini tukapanga maneno. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani, kwa sababu Kiswahili chetu wenyewe kilitutega. Zamani mtu akitaka kuinuka kwenye kiti ili apande mlima alikuwa anasema "Nasimama!" Na aliyetaka kusimamisha baiskeli alisema hivyohivyo, "Nasimama!" Siku moja dada mmoja alisema hivyo akiwa na nia ya kuinuka tu, wa nyuma yake akafunga breki kwa nguvu, na wa tatu nusura ampande. Tangu hapo anayeinuka anasema "Nainuka", na "Nasimama" imebaki kwa kusimama kweli. Msilione jambo hili dogo. Mtu akiinuka kwenye kiti, baiskeli yake inarudi nyuma kidogo kabla haijasonga mbele, na huo urefu wa kiganja unatosha kugusa gurudumu la aliye nyuma.

Mengine ni mepesi. "Shimo kushoto." "Tairi." "Tuta." "Punda", maana kwenye barabara ile punda ni wengi na hawana haraka na mtu. "Napunguza" inasemwa kabla ya kugusa breki. Upepo hula sauti, kwa hiyo neno likitoka mbele kila mtu analirudia mpaka limfikie wa mwisho. Tulijaribu pia ishara za mkono. Zinafaa kwenye lami safi, lakini pale ambapo malori yamekandamiza lami ikawa mifereji, mkono mmoja kwenye usukani ni hatari kuliko shimo lenyewe.

Kujitoa mbele ndiko kulikotusumbua zaidi. Kanuni inasema anayemaliza zamu ajitoe kuelekea upepo unakotoka, ili arudi nyuma akiwakinga wanaopanda. Kwetu, tukienda Longido, upande huo ni kulia, yaani katikati ya barabara, yanakopita malori. Kushoto nako ndiko wanakojificha wenzako, kama nilivyokuwa nimejificha mimi. Tuliamua hivi: siku za upepo wa kulia hakuna kujisogeza kushoto, tunanyooka nyuma ya mtu, hata kama inatugharimu nguvu. Na wa mbele hajitoi mpaka wa mwisho, tunayemwita mlinda mkia, ageuke, atazame barabara, na aseme "Kweupe!" Asiposikia neno hilo anaendelea kuvuta, hata kama mapafu yanawaka. Na anayepokea zamu asiongeze mwendo. Vijana wengi wakifika mbele damu inachemka, wanakanyaga, na treni inakatika vipande viwili. Nawaomba kwa dhati: tazama ulikuwa unakwenda mwendo gani ukiwa wa pili, ukae hapohapo.

Jambo la mwisho ambalo Babu alinifundisha kwa vitendo, kwenye uwanja wa nyasi, yeye mbele na mimi nyuma, polepole kama watu wanaotembea. Alinitaka niguse gurudumu lake la nyuma kwa langu la mbele, makusudi. Mara ya kwanza nilianguka, na ya pili pia. Mara ya tatu, badala ya kukimbia, niliegemea kidogo kwake, nikaacha kukanyaga, na magurudumu yakaachana yenyewe. Anayegusa kwa mbele ndiye anayeanguka, kwa kuwa gurudumu la mbele ndilo linalomshikilia wima. Aliyeguswa nyuma mara nyingi hutikisika tu akaendelea. Tulirudia asubuhi nzima mpaka woga ukanitoka.

Sasa kila mgeni anaanzia kwenye nyasi zile. Wiki iliyopita alikuja binti wa chuo, baiskeli ya kuazima, kofia mpya. Alishinda kule na Babu Jumamosi nzima, na Jumapili tukampa mkia. Kabla ya Oldonyo Sambu niliomba kujitoa. Nilisubiri. Sauti yake ilichelewa, lori likapita, likafuatwa na la pili ambalo mimi nisingeliona. Ndipo akasema, "Kweupe, kaka." Nikajitoa.