Basenji wangu hupata joto mara moja kwa mwaka

SWALI: Nipo Kisasa, Dodoma. Nina mbwa jike wa aina ya basenji, wa miaka miwili. Majike ya majirani hupata joto (kuwa tayari kupandwa) kila baada ya miezi sita hivi, wangu mara moja tu kwa mwaka. Je, ni mgonjwa? Na naweza kumpandisha kwa kaka yake wa tumbo moja? Dume jingine sijalipata.

JIBU: Si mgonjwa. Basenji, mbwa wa uwindaji wa asili ya Kongo, kwa kawaida hupata joto mara moja kwa mwaka, hivyo ukipitwa unangoja mwakani. Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Kwenye siku ya 10 hadi 14 hivi, damu hupauka kama maji yaliyooshea nyama, na ukimgusa kiunoni anapeleka mkia pembeni. Mpandishe, rudia baada ya saa 48. Mimba ni siku 63 hivi.

Kaka yake, hapana! Basenji wana ugonjwa wa kurithi wa figo, Fanconi: sukari hupotelea kwenye mkojo, mbwa anakunywa maji kupita kiasi na kukonda. Mwenye nakala moja ya jeni ya ugonjwa huu haugui, lakini wakipandana wawili wa namna hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa robo kuugua; na ndugu wa tumbo moja huweza kuwa wamerithi jeni ileile. Kipimo cha jeni kipo, kwa ute wa shavuni. Mwenye nakala moja usiache kumzalisha, maana mbwa hawa ni wachache. Mtafutie dume safi, asiye na jeni hiyo.

Akifika miaka mitatu, mpime mkojo kila mwezi kwa vijiti vya sukari vya duka la dawa. Sukari ikionekana, usikimbilie insulini, dawa ya kisukari: pima damu kwanza. Kwenye Fanconi, sukari ya damu huwa ya kawaida.