Kigoma au Tabora? Usianze na kodi

"Shikamoo mjomba. Nyumba ni nafuu wapi, huko kwetu au Tabora?"

Huo ndio ujumbe nilioamkia Jumatatu. Mpwa wangu anafunga mitambo ya sola, na kazini wamempa uhuru ambao sisi hatukuwahi kuuonja: achague mwenyewe kituo chake kiwe mji gani kati ya hiyo miwili. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona maneno yanazidi kuwa mengi, nikamwambia asubiri nimwandikie. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, naweka hapa.

Mimi nimezaliwa Ujiji, hapa hapa Kigoma. Nimepanga Tabora miaka saba nikitunza stoo, nikarudi Kigoma mwaka 2020 na kupanga tena miaka mitatu kabla ya kuhamia kwangu. Mara zote mbili nilichagua nyumba kwa kutazama kodi ya mwezi, na mara zote mbili kodi ikawa ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko mambo mengine yote. Halafu ujue unasomewa hukumu na mtu wa Ujiji. Mwaka 2023 Mashujaa ya kwetu na Tabora United zilipopanda Ligi Kuu kwa pamoja, nilikosana na rafiki yangu wa Kanyenye, Tabora, kwa wiki mbili nzima. Chukua maneno yangu ukijua hilo.

Tuanze na hiyo kodi basi, tuimalize. Isevya, Tabora, mwaka 2017, nilikuwa nalipa 70,000 kwa chumba, sebule na choo cha ndani, uani kuna mwembe. Mwanga, Kigoma, mwaka 2020, nikalipa 80,000 kwa nyumba ambayo kitanda kikiingia kabati linabaki nje. Kote wanataka miezi sita mkononi, na dalali anataka wa kwake mwezi mmoja. Bei hizo ni za wakati ule, usiende nazo kwa mwenye nyumba leo.

Tofauti yenyewe ina sababu. Kigoma imebanwa: huku ziwa, huku vilima, na ardhi tambarare ni ya kugombea. Ukiongeza wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi mkoani, ambao nao wanahitaji pa kulala mjini, nyumba yenye uzio, vigae na tenki la maji haikai wazi hata siku tatu. Tabora inatanuka tu kama mkeka. Ipuli, Malolo, Kiloleni, kila mwaka unakuta nyumba mpya mahali ulipopita jana pakiwa pori. Ila nako si salama moja kwa moja. Habari za kujengwa reli ya kisasa, SGR, zilipotufikia, mwenye nyumba wangu aligundua ghafla kwamba nyumba yake ni ya thamani, akanipandishia kodi katikati ya mkataba. Nikamwonyesha karatasi. Akasema karatasi haili. Tulikwenda mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, nikashinda, nikakaa miezi minne iliyobaki, nikahama siku mkataba ulipoisha. Kipande cha Tabora hadi Kigoma nacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, kwa hiyo popote utakapokwenda kwenye njia hiyo, mpwa wangu, andikishana mwaka mzima, kodi itajwe kwa tarakimu na kwa maneno, na mwenyekiti agonge muhuri.

Sasa yaliyonigharimu kweli.

Nyumba ya Mwanga niliiona mwezi Agosti. Jua, upepo wa ziwani, kuta zimepakwa rangi juzi. Iko kwenye mteremko, nyuma yake kuna ukingo wa udongo mwekundu kama mkate uliokatwa. Dalali akasema, "Hapa unapata hewa." Novemba mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi tope lilikuwa limeingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, limefika kwenye miguu ya kitanda. Nilinunua godoro jipya, nikamlipa fundi achimbe mtaro, nikajaza viroba vya mchanga nyuma ya ukuta, na mwenye nyumba akagoma kunikatia hata shilingi kwenye kodi. Kigoma nyumba haiangaliwi kiangazi. Kama huna namna, zunguka nyuma yake utazame ukuta: alama ya tope hukaa hata baada ya kupakwa rangi, hasa usawa wa goti.

Na maji. Watu wa nje hudhani Kigoma haiwezi kuwa na shida ya maji, ziwa lile pale. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, lakini halikusaidii kitu kama bomba lako liko juu ya kilima na pampu imezimika huko chini. Pale kwangu maji yalikuwa yakipanda alfajiri, wenzetu wa bondeni wakiwa bado wamelala. Wao wakiamka, sisi tunabaki na mluzi wa hewa kwenye bomba. Nilizoea kuamka saa kumi na moja kujaza madumu, mpaka nikawa najua ratiba ya jogoo wa jirani.

Tabora shida yake ilikuwa ya aina nyingine. Mji ule kwa miaka mingi ulitegemea mabwawa, Igombe na Kazima, na visima vya kule si vya kuvitumainia, kwani chini ni mwamba. Pale Isevya tulikuwa na kisima uani, na kilitajwa kwenye sifa za nyumba. Oktoba ya kwanza kikakauka, nikaanza kununua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu. Nilipiga hesabu mwisho wa mwezi nikakuta maji na kodi vinakaribia kushikana mikono. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya bomba la Ziwa Victoria kufika. Tangu lifike, wanaoishi kule wananiambia mambo si kama zamani, na hapo ndipo naikubali Tabora, ingawa roho inauma.

Umeme nitausema kwa ufupi, ila usiuruke. Kigoma tuliishi kwa majenereta ya dizeli miaka na miaka, na Gridi ya Taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022. Bei ya uniti ni moja nchi nzima, kwa hiyo mji haukuongezei wala kukupunguzia. Kinachokuumiza ni mita. Mteja wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa kama shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Akizidi hapo anapandishwa, uniti inakuwa zaidi ya 350. Sasa fikiria nyumba ya wapangaji sita na mita moja: hata kama wewe una taa mbili na simu ya kuchaji, majokofu ya wenzako yameshakupeleka huko juu. Uliza mita yako ni ya peke yako. Na ujue kuwa tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ile ni ya mwenye nyumba, si yako. Tunza meseji za kununulia umeme, mkae muelewane akurudishie au apunguze kwenye kodi ya mwezi unayomlipa. Wengi wanakubali ukiwaambia mapema na kwa upole. Ukisubiri miaka miwili ndipo uje na lundo la meseji, mtagombana.

Jikoni nisiposema nitaonekana nimesahau kwetu. Kigoma, dagaa na migebuka wakiwepo, mawese yakiwepo, ugali wa muhogo na ndizi za Kasulu, utakula vizuri kwa hela ndogo. Lakini dagaa wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kabisa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na miezi ile mitatu mtu wa Kigoma mzima mzima nilikula maharage kama mwanafunzi wa bweni. Tabora samaki ni mgeni, lakini mchele wa Igunga na Nzega uko karibu, karanga, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali yenye sifa. Embe zikiiva mwezi wa kumi na mbili hakuna anayekuuzia, unaokota.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote na ndilo nililolikumbuka zaidi nilipohama: baiskeli. Tabora ni tambarare. Miaka saba nilikwenda kazini, sokoni, hospitali ya Kitete na msibani kwa baiskeli, sikumbuki kulipa nauli mara kumi kwa mwaka. Niliileta Kigoma kwa treni, na wiki ya kwanza nikaisukuma kuliko nilivyoipanda. Nikaiuza. Tangu hapo bodaboda asubuhi, bodaboda jioni, na usiku ukishuka Mwanga na mzigo ni bajaji. Ukijumlisha ya mwezi mzima, ile tofauti ya kodi kati ya miji miwili ni mchezo wa watoto.

Kama unawaza kujenga, na kijana mwenye ajira lazima awaze, mambo yanageuka tena. Kigoma kiwanja cha mlimani kinaonekana cha bei ya chini, lakini msingi wake ni wa mawe, upande mmoja unaweza kuufikisha usawa wa dirisha kabla hujaanza ukuta wenyewe, na bado kuna ukuta wa kuzuia udongo nyuma. Jirani yangu alimaliza fedha akiwa bado chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, nyumba ikakaa miaka miwili ikiitwa "jukwaa". Usikimbilie ufukweni kukwepa mlima. Sheria ya mazingira inakutaka ukae mita 60 kutoka ukingo wa maji, na ziwa lenyewe lilipopanda miaka hii kuanzia 2020 liliwaonyesha watu kwa nini. Tabora msingi ni mfupi na mninga wa milango uko karibu, ila mchwa wa kule wana adabu mbaya. Piga dawa kabla ya kumwaga jamvi. Mimi niliwahi kuinua sanduku la vitabu Isevya nikabaki na magamba mkononi.

Haya yote nilimtumia juzi. Amejibu kwamba anachagua Kigoma kwa sababu ya ziwa, na kwamba keshapata nyumba Gungu, nzuri, ya vigae, mita yake mwenyewe. Nikamuuliza iko juu au chini. Akanyamaza kidogo. "Juu juu hivi, mjomba." Amekubali asilipe mpaka Jumamosi. Atakwenda saa kumi na moja alfajiri na ndoo, afungue bomba la jikoni, halafu arudi tena saa tatu alifungue hilo hilo.