Jiwe la Chongoleani ni uchumi pia

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Rais aache mambo ya uchumi aje Tanga kwenye hafla. Tarehe 5 Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi hapa Chongoleani, mwisho wa njia ya kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na hafla ile yenyewe ilikuwa sera ya uchumi iliyotangazwa hadharani, kwa kuwa hadi mapema mwaka 2016 Uganda ilikuwa bado ikipima njia ya kupitia Kenya. Mikataba mikubwa ilifuata Aprili 2021, Rais Samia alipokwenda Entebbe. Si kila hafla ya Rais iko hivyo: kupokea hati za utambulisho za mabalozi Ikulu ni itifaki zaidi, hilo nakubali.