Mchezo ukiisha, mwambieni umeisha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Tumsaidieje mtoto mwenye usonji apate marafiki?" Ninaye mmoja, ana miaka 9; usonji (autism) humfanya apokee maneno, ishara na kelele za watu kwa namna tofauti na wenzake. Nami nitaanza na kombolela.

Jioni moja watoto wa mtaani walimwita wacheze. Nilifurahi, mpaka nikamtumia picha bibi yake. Mwanangu akajificha nyuma ya pipa la maji la jirani, kimya, kama walivyomwelekeza. Magharibi ikaadhiniwa, wenzake wakatawanyika kwenda kula, yeye akabaki palepale hadi nilipomkuta kwa tochi. Hakuna aliyemwambia mchezo umekwisha. Katika watoto wote wa jioni ile, yeye peke yake ndiye aliyeshika sheria mpaka mwisho, na bado ndiye anayesemwa mtaani kwamba haelewi.

Kabla ya hapo nilikuwa namkalisha kila siku namkaririsha salamu, namlazimisha anitazame machoni. Nikaacha. Nikawaita wenzake watatu, si kumi, nikawawekea kashata na juisi ya ukwaju, nikawaambia: mwiteni jina kwanza, kisha subirini, jibu linakuja taratibu. Akiziba masikio, punguzeni kelele, hajawanunia. Mchezo ukiisha, mwambieni umeisha. Wakaelewa kabla kashata hazijaisha. Wazazi wao ndio walionichosha. Kuna mama aliniuliza kama usonji unaambukiza.

Baadaye mwalimu wa elimu maalumu alinisimulia utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2012 na Connie Kasari na wenzake. Ulihusu watoto 60 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 11, wanaosoma madarasa ya kawaida. Kufundisha wanafunzi wenzao namna ya kuwashirikisha kulizaa matunda zaidi kuliko kumfundisha mtoto mwenyewe peke yake: walizidi kuingia kwenye makundi ya wenzao, wakapungua kujitenga uwanjani. Nikawaza miaka niliyoipoteza na zile salamu.

Lakini kilichotuvusha hasa ni mdako. Kombolela imejaa mambo ambayo hakuna anayeyasema. Mdako uko wazi: kishimo, kokoto, zamu yako, zamu yangu. Huhitaji maneno mengi, wala hakuna wa kumtazama mwenzake usoni, maana macho yote yako kwenye kokoto. Baba yake mkubwa alinuna, eti mtoto wa kiume na mchezo wa wasichana! Nikamwacha anune.

Rafiki aliyempata mwanangu ni mmoja, binti wa nyumba ya tatu. Shangazi zake wanauliza mbona mmoja tu, kana kwamba wao wana ishirini. Kila Jumamosi asubuhi binti anakuja na kukaa kibarazani, bila salamu wala "karibu". Mwanangu anakuwa ameshazipanga kokoto 12 kwa mstari. Ikipungua moja, hawaanzi; wanaitafuta kwanza, wote wawili, mpaka chini ya vyungu vyangu vya maua.

Mama wa mtoto mmoja, Tanga