Feni ya semi haizimi, nibadilishe klachi nzima? Fundi anajibu wasomaji

SWALI: Habari fundi. Naendesha semi, feni yake ya injini ina klachi ya upepo (kile kifaa kinachoishikisha feni kwenye injini au kuiachia, kwa kutumia upepo wa matangi). Siku hizi feni haizimi kabisa, nikiwasha asubuhi gari bado ya baridi inavuma kama ndege, nikiwa barabarani naona gari imekuwa nzito na mafuta yanaisha haraka kuliko zamani. Fundi wetu kaangalia juu juu akasema klachi imekufa, tununue mpya. Tajiri hajakubali bado. Ni kweli imekufa? (Dereva wa semi)

JIBU: Ndugu dereva, tajiri wako yuko sahihi kusita, msinunue bado. Inawezekana klachi imekufa kweli ila kwa dalili ulizoandika hakuna mtu anaweza kusema hivyo bila kupima, mana klachi nyingi za upepo zimetengenezwa ili zikipata shida feni ishike, yani izunguke na injini, sio iachie.

Kwanza jueni klachi yenu ni ya aina gani. Kuna ile ambayo springi ndo inabana feni na upepo unakuja kuiachia, na kuna ile ambayo upepo ndo unabana. Hiyo ya springi ikikosa upepo feni inashika muda wote, waliotengeneza walitaka hivyo makusudi ili injini ipoe badala ya kuungua. Kwahiyo ukiwasha asubuhi na matangi ya upepo yako chini, feni itavuma mpaka presha ipande, hapo hakuna ubovu. Ubovu ni pale upepo umejaa, injini haijapata moto, na feni bado inavuma.

Sasa hapo ndo unajiuliza, je gari lenyewe linaiita feni? Kompyuta ya injini haiangalii joto la maji ya rejeta peke yake, inaangalia pia joto la hewa inayoingia kwenye injini, presha ya gesi ya AC, na kwenye magari mengine ukivuta breki ya injini kwa nguvu feni inashika pia. Alafu waya wa sensa ya joto ukikatika kompyuta inawasha feni kwa usalama tu kwasababu haijui tena injini ina joto gani. Kwahiyo zima AC uone kama feni inaachia, ikiachia basi shida iko upande wa AC, labda kondensa (rejeta ndogo ya AC inayokaa mbele) imeziba vumbi au gesi imejazwa kupita kiasi au swichi ya presha imekufa. Kama haiachii, chomeka mashine ya kupima usome kama kuna kodi za makosa, na joto inaloliona kompyuta ulinganishe na hali halisi ya injini.

Ukishajua gari haliiti feni na bado inashika, fuata upepo. Kuna vali ndogo ya umeme inayopitisha upepo kwenda kwenye klachi, toa paipu ile inayoingia kwenye klachi uweke gheji. Klachi nyingi za springi zinataka presha ya psi 90 kwenda juu ili ziachie. Ikisoma 50 au 60 klachi haina kosa, tatizo liko nyuma yake, kwenye vali, au filta yake, au paipu imesuguliwa ikatoboka, au matangi yenyewe hayajai. Kama psi 90 inafika vizuri, rudisha paipu upake maji ya sabuni kwenye viungo vyote na pale katikati ya klachi. Mapovu yakitoka kwenye klachi yenyewe basi sili za ndani (raba za kuzuia upepo usivuje) zimekwisha, na sili zinauzwa peke yake, zina seti yake, sio lazima ununue klachi nzima. Upepo umefika wote, hauvuji popote na feni bado haiachii, hapo sasa nakubaliana na fundi wenu.

Na hilo la mafuta hujakosea hata kidogo. Feni ya lori kubwa ikishika kabisa na injini iko juu inaweza kula nguvu za farasi 40 hadi 60 peke yake, mana nguvu inayohitaji haipandi sawasawa na mwendo wake, ukiongeza mwendo wa feni mara mbili nguvu inapanda mara nane. Kwenye safari ndefu upepo wa mwendo peke yake unatosha kupoza rejeta muda mwingi, feni inahitajika kwenye mlima, foleni na joto kali. Kwahiyo muda wote ikishika bila sababu unachoma mafuta kwa kitu ambacho injini haijakiomba.

SWALI: Fundi, sisi tulibadilisha klachi ya feni, mpya kabisa, haikukaa ikaungua tena, lainingi yote (ile sehemu ya klachi inayosuguana kubana feni) imekuwa nyeusi na harufu ya kuungua. Tumeuziwa feki? (Mwenye gari)

JIBU: Inawezekana, ila mimi nisingeanza kulaumu duka. Lainingi ikiungua maana yake iliteleza, na ikiteleza kuna kitu kiliifanya iteleze. Mara nyingi ni upepo pungufu. Kwenye klachi ya upepo unaobana, upepo ukiwa mdogo haibani sawasawa, kwenye ile ya springi upepo mdogo hauachii sawasawa, yani zote mbili mwisho wake ni lainingi inasuguana nusu nusu mpaka inaungua. Ndo mana nasema gheji ya upepo iwekwe kabla klachi mpya haijafungwa, mtu akifunga klachi mpya kwenye paipu ile ile inayovuja ataiua tu na hiyo.

Alafu kuna hili ambalo watu hawaliangalii kabisa. Draya ya upepo (kifaa cha kukausha maji kwenye upepo kabla haujaingia kwenye matangi) ikichoka maji yanapita, na kompresa ikiwa inarusha oili, hiyo oili inapita nayo, vinaenda vyote kwenye ile vali ya umeme vinaifanya igande au ifungue nusu, na sili za klachi zinalainika na kuharibika. Fungua koki ya chini ya matangi uone kinachotoka. Ukiona maji mengi au uji uji wa oili, klachi yako ilikuwa inakufa kuanzia kwenye draya, kwahiyo badilisha katriji ya draya, safisha au badilisha vali, ndo uje kwenye klachi.

Sababu nyingine ni feni kuwaka na kuzima kila saa. Kila ikishika, lainingi inabeba mzigo wa kuitoa feni pale ilipo mpaka ifike mwendo wa puli, sasa swichi ya AC mbovu au plagi ya waya iliyolegea ikiiwasha na kuizima mfululizo, hakuna lainingi itakayovumilia. Na kama mlifunga feni kubwa au nzito kuliko ile ya asili irudisheni ya asili.

SWALI: Panga moja la feni limekatika. Fundi mmoja anasema tukate na la upande wa pili ili iwe balansi tuendelee na kazi. Wewe unasemaje? (Msomaji)

JIBU: Hapana. Feni nzima itoke, ifungwe nyingine. Feni ya inchi 32 ikizunguka mara 2000 kwa dakika ncha ya panga inakwenda kama kilomita 300 kwa saa, kipande kikiruka hapo kinapasua rejeta, au kinampata mtu aliyesimama karibu huku boneti iko wazi. Ile feni ilishapigwa, mapanga yaliyobaki yanaweza kuwa na nyufa usizoziona. Wala isichomelewe wala kunyooshwa wala kuunganishwa na gundi. Na mtafute kwanini lilikatika, angalieni kava la feni kama lina alama za kukwaruzwa, mara nyingi maunti za injini (zile raba zinazoibeba injini) zimechoka injini inalala, feni inagonga kava. Mkibadilisha feni mkaacha maunti mtarudia kazi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msichana najifunza ufundi wa malori, nimepewa kazi ya kutoa feni, klachi na beringi zake mara ya kwanza. Nianzie wapi, na niangalie nini? (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba mwanangu, nimefurahi umeuliza kabla hujashika spana. Anza na usalama wako. Injini iwe imepoa, breki ya mkono imevutwa, matairi yamewekewa vizuizi, umeme umekatwa kwenye betri, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, sio kwa mtu mwingine. Kama ni klachi ya springi ujue ndani kuna springi yenye nguvu kubwa sana iliyokandamizwa, zile bolti za nyumba ya springi usizifungue hata kama zinaonekana zinafunguka kirahisi.

Weka kipande cha mbao nyembamba au katoni ngumu mbele ya feni kukinga rejeta, mana feni ikikuponyoka ikagusa zile nyavu ushaongeza kazi nyingine. Chora njia ya mkanda kwenye karatasi kabla hujalegeza tenshena (kile kinachokaza mkanda). Weka alama upande wa feni unaotazama mbele, ikifungwa kinyume itazunguka vizuri tu ila hewa itakuwa kidogo, gari itachemsha na watu watahangaika na thermostati bure. Feni ni nzito, toeni wawili, na usitumie mapanga yake kuzungushia injini, hiyo tabia ndo inayoanzisha nyufa.

Mkanda ukishatoka zungusha puli ya feni kwa mkono taratibu na masikio yawe karibu. Ikikwaruza au inashika shika beringi zimekwisha, alafu isukume na kuivuta uone kama inacheza. Fanya hivyohivyo kwa puli ya tenshena na puli ndogo zote, muda huu uko nazo mkononi. Kuhusu mkanda usidanganywe na kutoona nyufa, mikanda ya siku hizi raba yake haipasuki kirahisi kama ya zamani, inalika tu, kwahiyo angalia kina cha mifereji, ukilinganisha na mpya utaona. Mkanda ukiwa na oili tafuta inakovuja. Mimi beringi zikitoka natoa na mkanda pamoja na tenshena kama vimetembea umri mmoja, sioni faida ya kurudi hapo tena.

Na rejeta ioshwe sasa, feni ikiwa nje, kwasababu uchafu mwingi unajificha katikati ya kondensa, intakula (rejeta ya kupoza hewa inayoingia kwenye injini) na rejeta. Puliza au osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, presha isiwe kali ikalaza nyavu.

Ukikutana na klachi ya mafuta ya silikoni badala ya ya upepo, nyingine inakaa kwa nati moja kubwa na nyuzi zake zinaweza kuwa za kushoto, kwahiyo hakikisha kabla ya kutumia nguvu. Ukiitoa isimamishe ilivyokaa kwenye gari, usiilaze, mafuta yake yanaweza kuvuja.

Kurudisha, safisha nyuso zinazokutana mpaka chuma kionekane, tumia bolti mpya, kaza kwa mkingamo na toki spana (spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Zungusha feni kwa mkono uone nafasi kati ya ncha na kava ni sawa pande zote, kama milimita 25 hivi. Ukiwasha simama pembeni, usisimame usawa wa mapanga, acha upepo ujae, kisha mashine ya kupima iiwashe na kuizima feni uone inashika na kuachia yote mara moja bila kuburuta.

SWALI: Klachi ikifa njiani na gari inachemsha nafanyaje? (Dereva, safari ndefu)

JIBU: Paki, zima, subiri ipoe, na kofia ya rejeta usiifungue ikiwa ya moto. Klachi nyingi za upepo zina matundu ya bolti za kuifunga feni ishike moja kwa moja, angalia kitabu cha gari yako ujue ziko wapi kabla hujaondoka nyumbani, na spana yake iwe ndani ya gari. Injini ikiwa imezimwa funga hizo bolti zote, sio moja, feni itazunguka muda wote nawe unatembea mpaka gereji bila kuipandisha sana injini, macho kwenye gheji. Ukifika mwambie fundi kwamba imefungwa kwa bolti ili azitoe kabla hajaanza kupima kitu chochote.