Shangazi ameuliza kiti cha pili kiko wapi

Wiki mbili zilizopita shangazi alinipigia simu ya video, nami nikaiegemeza simu dirishani ili nimalize kupika. Akaona chumba chote: kitanda, meza, kiti kimoja, baiskeli ukutani. Akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu atakayetusikia: "Mwanangu, miaka yote hiyo Uswidi, na huna hata kiti cha pili? Wamekufukuza kazi?" Jioni ile swali likafika kwenye kundi letu la watoto wa kambi ya polisi Nsambya, Kampala, na majibu mkajipa wenyewe. Mmoja akasema maisha yamenishinda. Mwingine, kwamba nina mkono wa birika. Wa tatu akakumbusha kwamba Desemba nilishuka Entebbe na begi moja la mgongoni.

Shangazi ana haki ya kuuliza, maana ndiye aliyenilipia karo nilipofika sekondari. Kwa hiyo nalijibu swali lake lote, pamoja na sehemu ambayo nimeificha miaka mingi.

Kazi ninayo. Nahudumia wazee majumbani mwao hapa Göteborg, na mshahara unafika kila mwezi. Kuishi na vitu vichache nimechagua mwenyewe. Nilichagua baada ya kosa.

Nilifika 2013. Picha nilizowatumia miaka ile mnazikumbuka: kochi la ngozi, luninga iliyojaza ukuta. Mkanisifu, mkasema sasa huyu ndiye nkuba kyeyo wa kweli, yaani mtu wetu anayehangaikia riziki ughaibuni. Sikuwaambia kwamba kochi lile lilikuwa la mkopo, krona 14,000, malipo ya miezi 36, na luninga vilevile. Huku kukopa ni rahisi kuliko kumwomba jirani chumvi. Unabonyeza simu, mzigo unaletwa hadi mlangoni, barua za madai zinafuata nyuma yake. Nikawa nachukua zamu za usiku ili nilipe. Asubuhi narudi nimechoka, najitupa kitandani, kochi linakaa peke yake sebuleni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi niliivaa nguo hiyo nikajipiga picha.

2016 Afande akafariki. (Kwa wasiotoka kambini: baba tulimwita kwa heshima ya kazini, hata mama alimwita hivyo.) Nikatafuta nauli. Akiba sikuwa nayo, na benki haikukubali kunikopesha tena kwa sababu ya madeni niliyokuwa nayo. Baba yangu akazikwa mimi nikiwa nimekaa kwenye kochi lile, nimeshika simu, natazama mnavyoshusha jeneza huku picha ikikatika-katika. Niliwaambia kazini wameninyima ruhusa. Haikuwa kweli. Ruhusa nilipewa siku ileile. Nauli ndiyo iliyokosekana, na ilikosekana kwa sababu nilikuwa nimeikalia. Mama, shangazi, ndugu zangu, nisameheni kwa uongo ule.

Kochi nililiuza kwa krona 1,500. Deni likaendelea miezi mingine mingi. Nikawa nalipia kochi lililoko nyumbani kwa mtu mwingine.

Kazi yangu nayo ilinifundisha. Mzee akifariki, mara nyingi sisi ndio tunaorudi siku chache baadaye kurudisha funguo na vifaa, kwa hiyo tunaiona nyumba inavyofunguliwa. Nilimhudumia bibi mmoja wa miaka 91 aliyekuwa na seti ya vikombe vya kahawa ya watu 12, vyenye ukingo wa dhahabu, ndani ya kabati la kioo. Kwa miaka miwili niliyoingia mle sikuona hata kimoja kikitoka. Alikuwa anavitunzia wageni. Alipofariki, watoto wake walikuja Jumamosi moja, wakachukua albamu na picha mbili za ukutani, vilivyobaki wakaita watu wa lori. Lile kabati hata duka la vitu vilivyotumika lilikataa kulipokea, kwamba ni kubwa mno, siku hizi hakuna anayelitaka. Vikombe vikafungwa kwenye magazeti. Nilisimama ngazini nikivitazama vikishuka, na nikashindwa kuendelea na ziara iliyofuata mpaka nikatembea kidogo nje.

Waswidi wana neno, döstädning, maana yake kusafisha kabla ya kufa: mtu mzima anaanza mwenyewe kugawa na kupunguza vitu vyake ili asiwaachie wengine mzigo. Mzee mwingine niliyemhudumia alifanya hivyo kwa utulivu mkubwa. Chini ya kila kitu alibandika karatasi yenye jina la atakayekichukua. Alitaka kunipa kisu chake cha mti cha kupakia siagi, nikamweleza kwamba hatupaswi kupokea zawadi kwa tunaowahudumia. Akasema basi nikae nacho mkononi huku ananisimulia aliyekichonga. Nilikaa dakika kumi ambazo ratiba haikuwa nazo.

Sehemu ya vitu hivi mnaifahamu, kwa sababu inaishia kwenu. Agosti 2023, kule Mbale, Rais Museveni alipotangaza kupiga marufuku mivumba, yaani mitumba, alisema ni nguo za wazungu waliokufa. Mlinipigia kuniuliza kama ni kweli. Nikasema baadhi, ndiyo, huenda nimewahi kuzikunja mimi mwenyewe. Lakini nyingi zinazofika soko la Owino, Kampala, ni za watu walio hai, wenye afya zao, walionunua wakachoka nazo kabla hazijachakaa. Nikiona sanduku la kukusanyia nguo limejaa hadi mifuko inamwagika barabarani, nawaona akina mama wanaofungua mabelo alfajiri pale sokoni, wakiomba Mungu belo lisiwe la takataka.

Mnaweza kusema haya yote nimeyajulia kwa wazungu. Hapana. Wa kwanza niliyemwona akiishi hivi alikuwa mama. Mnakumbuka zile nyumba za bati za mviringo tulimokulia, "mama ingia pole", unazoingia umeinama. Watoto watano, pazia la kitenge katikati, mchana bati linawaka hadi unashindwa kuligusa. Na kila Afande alipopewa uhamisho, lori lilikuja na saa zake. Kanuni ya mama ilikuwa sanduku moja la bati, magodoro na vyombo vya jikoni. Kisichoingia anapewa jirani. Soroti, Lira, tukarudi Nsambya, sanduku lilelile. Sitaipamba hali ile. Ilikuwa dhiki, na askari waliovaa nguo za serikali walistahili nyumba zenye madirisha. Lakini mikono ya mama ikipanga lile sanduku, ikijua kinachobaki na kinachotoka, ndiyo ninayoiona ninapopanga chumba changu.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana vijana wawili wa kundini wameniandikia wakisema nao wataanza kuishi "kama wa Göteborg". Taratibu. Ninaweza kuwa na vichache kwa sababu vingine vyote viko nje ya mlango wangu. Chini ya jengo kuna chumba cha kufulia cha wapangaji wote. Naweka saa yangu, nafua, naondoka. Maktaba inaazimisha vitabu bure, ni sheria ya nchi. Tramu inapita. Maji ya bomba nayanywa yalivyo. Hivyo vyote nimevilipia: kodi ya manispaa na ya mkoa inachukua sehemu kubwa ya mshahara wangu, na naitoa kwa moyo. Shangazi, kwa upande wake, ana majerikani sita, tangi, gesi, sigiri ya akiba gesi ikiisha, na taa ya sola umeme ukikatika. Kumwambia apunguze ni kumwambia akae kiu gizani.

Halafu kuna sahani zake. Ana sahani 60, masufuria mawili ya kupikia watu mia, na viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini. Nimevihesabu Desemba. Lakini ndani ya wiki tatu nilizokaa kwake, viti vilitoka kwenda msibani mara mbili, na kwenye sherehe ya kumkabidhi binti wa jirani aliyekuwa anaolewa mara moja, vikarudi kimoja kimevunjika mguu na hakuna aliyegombana. Vikombe vya yule bibi vilikuwa 12 na havikumfaa mtu. Vya shangazi havijawahi kulala ndani mwezi mzima. Kwa macho yangu shangazi hana vitu vingi. Mtaa ndio wenye vitu, yeye anavitunza.

Mnaouliza pesa zinakwenda wapi: karo ya watoto wawili wa marehemu kaka, dawa za mama za presha, na nauli. Nauli ina akaunti yake ya pekee, haiguswi, hata nikibaki na mkate tu. Nyumba ya ghorofa ya kuonyesha pembezoni mwa Kampala, yenye mlinzi na vyumba vitupu, sitaijenga. Nimeona wenzangu wanaougulia madeni huku ili geti lao ling'ae huko, na wanalala kwenye chumba kidogo kuliko changu.

Ila shangazi, nimekaa na swali lako, na nimeona kwamba hukuwa unauliza kiti. Ulikuwa unauliza ni nani anayekuja kuketi nami. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hakuna. Huku mtu haji bila kualikwa, na mimi sikualika. Majira ya baridi giza linaingia saa tisa na nusu alasiri, nafunga mlango, siku imekwisha. Niliita utulivu, na mara nyingi ulikuwa upweke.

Jumamosi nilikwenda duka la vitu vilivyotumika nikanunua kiti cha mbao, krona 60, nikakibeba kichwani hadi nyumbani. Jumapili hii jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kieritrea, atapanda kunywa chai. Piga simu saa kumi na moja jioni za huko, ndiyo saa kumi za hapa, umsalimie.