Anayenunua kwa simu anaogopa kutapeliwa: majibu kwa maswali yenu

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa watu wenye mtaji mdogo wanaotaka kuanza kuuza mtandaoni. Nimechagua saba. Mtaona narudi mara kwa mara kwenye jambo moja: mteja wa mtandaoni anatuma hela kwa mtu asiyemwona, kwa mzigo ambao hajaushika. Woga wake ni wa haki, maana wengi wameshaumizwa. Kabla ya kununua chochote cha biashara yako, jiulize kama kitampunguzia mteja woga huo.

Nauza vitenge na batiki Morogoro. Fundi wa tovuti ameniambia 800,000. Nilipe, au nianze na WhatsApp tu?

Anza na WhatsApp, mama. Hiyo laki nane ni mzigo wa vitenge, na vitenge ndivyo vitakavyokuingizia hela mwezi huu. Tovuti peke yake haileti watu. Jumia, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni Afrika, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba ya mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Tovuti ilikuwa nayo, na programu ya simu pia. Wakati huohuo, akina mama waliokuwa wakiuza kwa Instagram na WhatsApp kwa wateja waliokwisha kuwazoea waliendelea kuuza.

WhatsApp Business ni bure. Ina katalogi ya kuweka picha, bei na maelezo, na unaweza kuipanga impokee mteja kwa ujumbe hata kama umelala. Tafuta laini ya biashara peke yake, kwa kuwa namba moja haiwezi kutumika kwenye WhatsApp ya kawaida na ile ya biashara kwa wakati mmoja. Laini hiyo isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, siyo cha mdogo wako.

Tovuti ina wakati wake. Maofisi na maduka yakianza kutaka kuagiza kwa jumla, au ukiona watu wanakutafuta Google na hawakupati, rudi kwa fundi. Siku hiyo shikilia jambo moja: jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Likisajiliwa kwa jina la fundi, siku akiacha kupokea simu duka lako limeondoka naye.

Nauza viatu vya mtumba Mwanza. Nikiandika bei, wenzangu wanashusha. Si bora niandike "bei njoo inboksi"?

Hapana, kaka. Andika bei na saizi chini ya kila picha. Mwenzako akitaka kujua bei yako atajifanya mteja na kuuliza, kwa hiyo humfichi chochote. Unayemficha ni mteja wa kweli, ambaye ameona kiatu saa nne usiku na hela anayo. Wewe ukimjibu asubuhi, ameshanunua kwingine. Tena bei iliyofichwa humfanya adhani unataka kumwangalia kwanza yeye ni nani ndipo umtajie.

Natengeneza viungo vya pilau na chai Unguja. Wateja wa Dar na Dodoma wanavipenda, lakini nikisema walipe kwanza wanapotea. Nami siwezi kutuma bila kulipwa. Tufanyeje?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, dada yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na jina. Mteja akiingiza Lipa Namba yako, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, simu humwonyesha jina kabla hajaweka namba ya siri. Oda nyingi hufia hapo. Ukurasa unajiita kwa jina la duka, halafu linatokea jina la mwanamume ambaye hajawahi kumsikia, kumbe ni shemeji yako aliyekuazima laini. Mteja hawezi kujua hilo. Anafunga simu. Sajili jina la biashara, omba Lipa Namba inayobeba jina hilo, kisha andika jina hilohilo kwenye ukurasa, kwenye kifurushi na kwenye risiti.

Halafu gawaneni hatari. Kwa mteja mpya, uza pakiti ndogo ya kujaribu ambayo hata ikipotea hatalia. Kwa oda kubwa, chukua kianzio kinachofidia usafiri na malighafi, na salio alipe mzigo ukifika. Ukiwa na ndugu au mwenye duka unayemwamini Dar, mzigo ufikie kwake: mteja auone, aunuse, ndipo amalizie. Mlipe huyo ndugu kidogo kwa kila oda. Akifanya bure, siku ya tatu atachoka.

La mwisho ni ushahidi. Rekodi video fupi ukipima na kufunga, jina la mteja likiwa juu ya boksi. Mtumie picha ya risiti ya boti au ya basi, namba ya ofisi atakayochukulia, na muda. Mzigo wa Dodoma unapita mikono miwili, boti kisha basi, kwa hiyo ukikadiria utafika Alhamisi mwambie Ijumaa. Mzigo unaowahi siku moja humleta mteja tena. Unaochelewa siku moja bila taarifa humfanya aanze kuwaambia wenzake kwamba ametapeliwa, hata kama boksi liko njiani.

Ziada kidogo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yanayofanyika kwa njia ya kielektroniki, na inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa mnunuzi. Kwa hiyo mazungumzo yenu ya WhatsApp yana uzito, kwako na kwake. Yaandike vizuri: kiasi, bei, nani analipa usafiri, na itakuwaje mzigo ukifika umelowa.

Nimeona wauzaji wanaposti picha za SMS za malipo kuonyesha kwamba wanaaminika. Na mimi nifanye hivyo?

Kama jina na namba ya mteja vinaonekana, usifanye. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na jina pamoja na namba ya simu ya mtu ni taarifa zake. Sheria tuiweke kando kidogo: mama wa watu amenunua sabuni yako, jioni namba yake iko mikononi mwa matapeli. Mwombe ruhusa, ufute jina na namba, ndipo uposti. Sauti ya mteja aliyeridhika, kwa ridhaa yake, ina nguvu kuliko SMS kumi.

Nauza pochi za kike ninazochukua Kariakoo. Nanunua 12,000, nauza 18,000 na delivari bure Dar nzima. Oda zipo, lakini mwisho wa mwezi sina kitu. Kwa nini?

Tupige hesabu pamoja, maana jibu limo ndani ya hiyo "delivari bure". Juu ya 12,000 unabaki na 6,000. Tuseme bodaboda kwa wastani anachukua 4,000: imebaki 2,000. Mfuko na lebo 300: imebaki 1,700. Umelipia tangazo la 10,000 likakuletea oda nane, yaani 1,250 kila oda. Umebaki na 450. Hapo sijagusa bando, makato ya kutoa hela, wala muda wako.

Sasa chukua oda kumi kama hizo, na mmoja tu akatae mzigo mlangoni, au azime simu boda akiwa tayari Mbagala. Oda tisa zimekupa 4,050. Huyo mmoja amekula 8,000 za boda kwenda na kurudi. Umefanya kazi wiki nzima na umepata hasara, huku ukurasa unaonekana una wateja.

Ondoa neno "bure". Andika bei ya pochi peke yake, na chini yake nauli kwa maeneo: Kinondoni kiasi hiki, Mbagala kiasi hiki, Kibaha kiasi hiki. Dai nauli ilipwe kabla boda hajawasha pikipiki. Mwenye nia ya kununua atailipa, na atakayegoma kulipa nauli mara nyingi ndiye angekuzimia simu. Panga siku mbili za kusambaza kwa wiki, boda mmoja abebe mizigo mitano ya upande mmoja, uone nauli itakavyoshuka. Pia kuwa na daftari lenye mstari kwa kila oda: umenunua kwa ngapi, umelipa nini na nini, umebaki na ngapi. Nawasihi sana kuhusu daftari hili. Nimeona watu wenye bidii kubwa wakila mtaji wao bila kujua, kwa sababu kila jioni hela ilikuwa ikiingia kwenye simu.

Niko Dodoma, natengeneza siagi ya karanga nyumbani. Lazima nisajili kila kitu kabla ya kuposti?

Kwa chakula cha kufungasha, nakushauri ujipange mapema. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa na TRA (mamlaka ya mapato) bila malipo. Jina la biashara linasajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa njia ya mtandao, na leseni iko kwenye halmashauri yako. Tangu 2019 usimamizi wa chakula uliokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) uko TBS (shirika la viwango), kwa hiyo jengo la kutengenezea na bidhaa yenyewe ni mambo ya TBS. Nenda kwanza SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa: ndio wanaofundisha usindikaji na ufungashaji, na watakuelekeza hatua za TBS kwa mjasiriamali mdogo. Wakati ukishughulikia hayo, andika kwenye lebo tarehe ya kutengeneza, ya kuisha muda, na viambato vyote. Karanga huwadhuru baadhi ya watu vibaya sana, na mteja wa mbali hana wa kumuuliza zaidi ya lebo.

Mteja alinitumia SMS ya malipo, nikampa boda mzigo, kumbe SMS ni feki. Nitajikinga vipi nisirudie?

Pole sana. Kuanzia leo, SMS siyo malipo. Malipo ni salio. Kabla mzigo haujatoka, fungua menyu yako mwenyewe, kwa M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, na uangalie kama hela imo. Mteja akikuharakisha kwamba boda aondoke upesi, hiyo ndiyo sababu ya kuangalia mara mbili. Picha ya muamala anayokutumia mteja pia haitoshi, kwani inahaririwa kwa dakika moja.

Kuna na ile ya "nimekosea, nirudishie". Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urudishwe na wao. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa ajili hiyo.

Na ukiwa na simu mkononi hivi sasa, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp na Instagram uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akikupigia kwa jina la mtandao wowote akiomba msimbo uliotumiwa kwa SMS, kata simu. Anayeupata msimbo huo ameipata akaunti, na kesho atawaomba wateja wako kianzio kwa jina lako.